Ukibonyeza Allow kwenye kompyuta ya kukodi, umemruhusu nani?

Leo naomba tuweke pembeni siasa na mpira, tuongelee kitu kidogo kinachotusumbua kila tukikaa mbele ya kompyuta na hakuna anayekisemea. Ni vile vijisanduku vinavyochomoza chini kulia kwenye skrini, pale karibu na saa. Wengi tunaviita notifikesheni, Kiswahili chake ni arifa. Kingine kinakwambia umepata ujumbe, kingine ati una virusi, kingine ati umeshinda simu. Nani kaviruhusu? Na unavifungaje bila kuharibu mambo mengine?

Mimi niko huku Mabawe, wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera. Kwa wasiopajua, Ngara ndiyo ile wilaya ya magharibi inayopakana na Rwanda na Burundi. Nina steshenari ndogo: kompyuta tatu, printa moja na mashine ya fotokopi. Vijana wengi wanaokuja kwangu wana simu zao, stori na picha wanamalizana nazo hukohuko. Wakija kukaa kwenye kompyuta ujue wana shughuli nzito: maombi ya chuo, maombi ya ajira, fomu ya mkopo, kuskani vyeti. Kwa hiyo kitu kikichomoza kwenye skrini wakati huo si mchezo.

Sasa sikilizeni kilichotokea.

Kaja binti mmoja, kamaliza kidato cha sita, ana bahasha ya vyeti mkononi, anataka kujaza fomu ya Bodi ya Mikopo. Kalipia saa nzima, nikamuweka mashine namba mbili. Baada ya dakika kama ishirini nikamuona kasimama, kashika mdomo.

"Kaka, samahani, nadhani nimeharibu kompyuta yako."

Nikasogea. Chini kulia kuna kijisanduku chenye ngao nyekundu, maandishi ya Kiingereza, kinasema kompyuta ina virusi vitano na taarifa za benki ziko hatarini, bonyeza hapa usafishe sasa hivi. Nikakifunga, kikaja kingine. Nikafunga, kikaja cha tatu. Binti wa watu hakuwa anawaza virusi, alikuwa anapiga hesabu nitamdai shilingi ngapi. Fomu iko nusu, haijahifadhiwa, na tayari mshale wa mausi ulikuwa juu ya kile kijisanduku, alikuwa anataka "kusafisha". Angebonyeza tungekuwa tunaongea mengine.

Kumbe hakuna kirusi hata kimoja! Na yule binti hakugusa kitu chochote kibaya. Aliyegusa ni mtu aliyekaa kwenye kiti kile siku mbili kabla yake. Hilo ndilo lililonifanya niandike.

ILIVYOKUWA

Zamani tovuti ilikuwa inaweza kukusumbua pale tu umeifungua. Ukiifunga, yameisha. Mwaka 2015 Chrome toleo la 42 lilileta uwezo mpya, na Firefox wakafuata Januari 2016 na toleo la 44: tovuti inaweza kukutumia arifa hata kama ukurasa wake umeshaufunga, mradi kivinjari, yaani brauza, bado kinafanya kazi. Lengo lilikuwa zuri tu. Gazeti likupe habari mpya, barua pepe ikikuingilia ujue.

Ila tovuti lazima iombe ruhusa kwanza. Kinatokea kisanduku juu kushoto chenye vitufe viwili, Allow na Block. Ukitumia Chrome ya Kiswahili utaona Ruhusu na Zuia.

Wajanja wakaona hapo pana mwanya. Unaingia kwenye tovuti ya kuangalia mechi bure au kupakua muvi, ukurasa unakuja mtupu na mshale mkubwa na maneno: "bonyeza Allow kuthibitisha wewe si roboti". Wewe una haraka, mechi imeshaanza, unabonyeza. Hujathibitisha chochote kuhusu uroboti. Umewapa ruhusa ya kukutumia vijisanduku wanapotaka, vyenye picha wanayotaka na maneno wanayotaka. Ile ngao nyekundu ni picha tu. Antivirusi haihusiki.

Sasa shika hili, ndiyo kiini cha mada yangu: RUHUSA HIYO HAIKAI KWAKO, INAKAA KWENYE KIVINJARI CHA KOMPYUTA ILE. Wewe unalipa, unaondoka, unasahau. Ruhusa inabaki kwenye kiti. Anayekuja baada yako ndiye anayekutana nayo. Nyumbani ukibonyeza ovyo unajiumiza mwenyewe. Kwenye kompyuta ya kukodi unamuumiza mtu usiyemjua, na huenda siku hiyo ndiyo siku yake ya mwisho ya kutuma maombi.

NA KINYUME CHAKE PIA

Kuna upande wa pili na huu unauma zaidi. Si lazima arifa iwe ya tapeli. Inaweza kuwa ya kweli kabisa, ila imefika kwa mtu asiyehusika.

Kuna mteja aliwahi kufungua ujumbe wake kwenye mashine namba moja, akachapa alichotaka, akaondoka bila kutoka kwenye akaunti. Jioni kakaa mzee mmoja anaandikiwa barua ya kijiji na kijana wake. Mara pu! Kijisanduku kinachomoza na jina la mtu na mstari wa kwanza wa ujumbe. Ulikuwa ujumbe wa mambo ya hospitali, majibu ya vipimo. Sitasema zaidi. Mabawe si Dar es Salaam, huku ukitaja jina nusu ya waliokaa dukani wanamjua baba yake. Yule mzee alikuwa mstaarabu, akageuza uso, kijana naye akajifanya hakuona. Mimi nikazima skrini haraka. Lakini umeshasomwa tayari.

Hapo hakuna mhalifu. Programu imefanya kazi yake, imeleta ujumbe. Tatizo ni kwamba programu inadhani aliyekaa mbele ya skrini saa kumi jioni ni yuleyule aliyekaa saa nne asubuhi. Nyingi zimetengenezwa kwa mtu mwenye kompyuta yake binafsi, mezani kwake. Sisi huku tunagawana mashine moja watu kumi na tano kwa siku.

Na faragha si anasa ya watu wa mjini. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na ikaanza kutumika Mei 1, 2023. Ila sheria haiwezi kukaa dukani kwangu kufunga kijisanduku, hilo ni letu.

MILANGO MITATU

Wengi wakitaka kuzuia arifa wanahangaika sehemu moja, zikiendelea kuja wanakata tamaa, wanasema kompyuta ina jini. Hakuna jini. Arifa zinapita milango mitatu, na inabidi ujue hii imepita wapi.

Mlango wa kwanza ni programu yenyewe. Programu ya ujumbe, ya barua pepe, ya kusikiliza muziki, karibu zote zina sehemu yao ya mipangilio. Hapo unaweza kuzima mlio, kuzima kijisanduku, na kwa zile za ujumbe mara nyingi unaweza kuacha kijisanduku lakini ukaficha maneno, kikaonyesha tu kwamba kuna ujumbe mpya.

Mlango wa pili ni kivinjari. Hapa ndipo wanapopita wale wa ngao nyekundu. Kwenye Chrome fungua Settings, kisha Privacy and security, kisha Site settings, kisha Notifications. Utaona orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Nilipofungua ile ya mashine namba mbili nilikuta tovuti kumi na moja, na hakuna hata moja ambayo ningeweza kukwambia ni ya nini. Futa zote usizozijua. Halafu hapohapo juu chagua tovuti zisiruhusiwe kutuma arifa. Kwenye Firefox nenda Settings, Privacy & Security, shuka mpaka Permissions, kwenye Notifications bonyeza Settings, uweke tiki kwenye kile kisanduku cha kuzuia maombi mapya. Maneno yanaweza kubadilika kidogo kutegemea toleo, ila njia ni hiyo.

Mlango wa tatu ni Windows yenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi I, ingia System, kisha Notifications (kwenye Windows 10 imeandikwa Notifications & actions). Hapo kuna swichi kubwa ya kuzima zote, na chini yake orodha ya programu moja moja, kila moja na swichi yake. Pia kuna tiki ya kupokea dondoo na mapendekezo ya Windows. Ile ondoa tu, utapunguza kelele nyingi.

Utajuaje arifa imepita mlango gani? Isome vizuri kabla ya kuifunga. Arifa ya tovuti huwa inaonyesha jina la kivinjari na anwani ya tovuti kwa maandishi madogo. Ukiona "antivirusi" imeandikwa Google Chrome na anwani ya ajabuajabu pembeni, basi umeshamjua mwizi. Antivirusi ya kweli haipitii kwenye anwani ya tovuti ya muvi.

KOSA LANGU

Na mimi nikiri, siku ile ya binti nilikasirika nikafanya ujinga. Niliingia mlango wa tatu, nikazima swichi kubwa kwenye mashine zote tatu. Kimya! Nikajisifu sana.

Wiki haikuisha. Kaja mwalimu na flashi yake, anataka kuchapa mtihani. Tunafungua flashi, faili halipo. Aliapa kwamba usiku aliliona. Tukahangaika karibu nusu saa, nikafikiri flashi imekufa. Kumbe antivirusi ilikuta faili lina kirusi, ikaliweka kizuizini, na ikataka kuniambia. Lakini nilishaiziba mdomo. Nikaingia mwenyewe kwenye historia ya antivirusi ndiyo nikaona maelezo yote yamekaa pale yananisubiri. Na si hiyo tu, hata printa kuishiwa karatasi nilikuwa sipati habari, wateja wanabonyeza kuchapa mara sita sita, nikiweka karatasi zinatoka nakala sita. Hasara yangu hiyo.

Kwa hiyo wadau, kuzima zote si kuwa na mamlaka. Mlinzi akipiga kelele hovyo usiku humkati ulimi, unamwambia apige kelele kwa mwizi tu. Siku hizi nimewasha swichi kubwa, halafu nimechagua: antivirusi, printa na masasisho ya mfumo yana ruhusa ya kuongea. Wengine wote wanyamaze.

VITA HIVI SI VIPYA

Wakongwe wa mtandao mtakumbuka. Kabla ya 2004, Windows XP ilikuwa na huduma moja iliyoitwa Messenger Service, si ile ya kuchati, hii ilikuwa ya mafundi wa ofisini kutumiana taarifa kwenye mtandao wa ndani. Wauza matangazo wakaigundua, wakawa wanarusha visanduku vya kijivu kwenye kompyuta za watu dunia nzima kupitia intaneti. Microsoft waliizima kwenye Service Pack 2, Agosti 2004. Mfumo huohuo ulileta kizuizi cha madirisha ya matangazo kwenye Internet Explorer, na Firefox 1.0 ya Novemba 2004 nayo ilikuja na kizuizi chake. Tukapumua. Baadaye mlango mwingine ukafunguliwa, nao wakaupata.

Kuna na kisa cha Ubuntu, mfumo ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Toleo la 9.04 la Aprili 2009 lilileta mtindo mpya wa arifa: kiputo cheusi kisicho na kitufe chochote. Ukikibonyeza, mausi inapita kama hakipo, kinaondoka chenyewe. Wabunifu walikuwa na hoja, walitaka arifa isikukatishe kazi. Lakini watumiaji wengi walilalamika kwamba hawakuachiwa mahali pa kuchagua kikae wapi au kikae muda gani. Kelele ile ilikuwa juu ya swali hilihili letu: skrini ni ya nani, aliyeandika programu au anayeitumia?

Watengenezaji wa vivinjari nao walikuja kukiri. Mwaka 2019 Mozilla walieleza kwamba takriban asilimia 99 ya maombi ya arifa yaliyokuwa yanaonyeshwa kwenye Firefox hayakubaliwi. Yaani watu mia wanasumbuliwa ili mmoja akubali! Ndiyo maana Firefox 72 ya Januari 2020 iliacha kurusha kile kisanduku usoni, ikaweka alama ndogo tu kwenye mstari wa anwani. Chrome 80 ya Februari 2020 nayo ikaleta njia ya kimyakimya. Kwa hiyo ukisasisha kivinjari unakuwa umepunguza sehemu ya kero bila kufanya kitu. Ila usitegemee kusasisha kufute ruhusa zote zilizotolewa na waliokutangulia. Zilizobaki zinataka mkono wa mtu.

UFANYE NINI UKIKAA KWENYE KOMPYUTA YA KUKODI

1. Kabla ya kuanza, fungua dirisha fiche. Kwenye Chrome bonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja. Humo tovuti haziwezi kukutumia arifa, na ukilifunga akaunti ulizofungua humo zinafungwa pia. Hakikisha tu unafunga madirisha fiche yote.

2. Tovuti ikikuambia ubonyeze Allow ili kuthibitisha kuwa wewe ni binadamu, toka. Mtihani wa kweli wa roboti haupiti kwenye kitufe cha ruhusa ya arifa.

3. Kijisanduku cha kutisha kikitokea, usikibonyeze katikati. Kifunge kwa alama ya x, soma anwani iliyoandikwa, mwite mwenye duka. Hujaharibu kitu, usiogope kudaiwa.

4. Ukimaliza, toka kwenye akaunti. Kufunga dirisha la kawaida si kutoka.

5. Ukifika nyumbani ukakumbuka hukutoka, bado hujachelewa. Kwa WhatsApp fungua simu yako, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, utaona kompyuta ile, itoe hapohapo. Kwa akaunti ya Google, ingia kwenye sehemu ya usalama, angalia orodha ya vifaa, ondoa usichokitambua.

Na kwa wenzangu wenye kafe na steshenari: tusiwaachie wateja mzigo wote. Fungua akaunti ya wateja kwenye Windows isiyo na mamlaka ya kusakinisha vitu, tofauti na yako. Zuia maombi ya arifa kwenye kila kivinjari. Chrome ina hali ya Mgeni, ukifunga madirisha yake inasahau kila kitu, iweke hiyo kwa wateja. Kila jioni kabla ya kufunga duka pitia ile orodha ya tovuti, ni dakika mbili kwa mashine. Na kama bado unatumia Windows 10, jua kwamba usaidizi wake wa kawaida uliisha Oktoba 14, 2025, kwa hiyo arifa ya aina hiyo ikitoka kwenye Windows yenyewe usiichukulie kama utapeli.

Yule binti? Nilimhamishia mashine namba tatu, nikamuongezea muda bure, akaanza fomu upya. Saa kumi na moja na nusu akachapa, akaweka kwenye bahasha yake, akaaga. Kabla hajatoka mlangoni akageuka, akaniuliza: "Kaka, sasa yule aliyebonyeza siku ile, yeye alipata hasara gani?"

Sikuwa na jibu. Hakupata hasara yoyote, labda hata hajui. Hapo ndipo nikaona nikae niandike.

Naomba kuwasilisha. Wenye mbinu nyingine mwageni hapo chini, na wenye kafe huko Ngara mjini, Kabanga, Rusumo na Biharamulo tuambizane mnafanyaje.